Upande Huu wa Mto

Siku ya mia moja na kumi na mbili.
Ombi lako linashughulikiwa, yasema maandishi ya kijani,
nami nimeyazoea
kama mtu alivyozoea jino bovu:
ulimi huliendea wenyewe.

Cheti cha shahada kiko chini ya godoro, kinyooke.
Mimi navuna nyanya ndani ya nyumba ya kioo
huku Leamington, theluji ikidondoka nje
na jasho likinichuruzika mgongoni.
Kila Jumatatu, Bi Wiebe, msimamizi:
"Karatasi imekuja?"
Namwonyesha barua ile ile,
imeanza kuchanika kwenye mikunjo:
anaruhusiwa kufanya kazi hadi jibu litoke.
Huisoma yote, kila mara, midomo ikimcheza,
kisha hunipa glavu.

Hadi.
Nimepanga chumba ndani ya neno hilo.

Dada yangu Lubna amejifungua, Hamtramck,
ng'ambo ya mto. Kufanya kazi naruhusiwa.
Kutoka naruhusiwa.
Kurudi ndiko kwenye maneno:
viza yangu ilikufa Agosti,
na mlango unaokutoa haukuahidi kukuingiza.

Eusebio, wa mstari wa saba, akacheka:
"Mto una kingo mbili.
Nani kakukataza huu?"

Mtembea bure si sawa na mkaa bure.
Jumapili nikapanda basi hadi Windsor,
baridi ikinikata masikio.
Saa tatu usiku simu ikalia.
"Umesimama wapi?"
"Chini ya taa yenye bendera."
"Zote zina bendera, wewe!"
Nikawasha tochi ya simu, nikaipunga.
Ng'ambo, chini ya maghorofa ya Detroit,
karibu kabisa na maji,
kimwanga kikajibu,
kidogo kuliko punje ya mtama.

"Namwinua sasa. Unamwona?"

Sikumwona.
Nikasema: ana pua ya Baba.

Kimya. Kisha tukacheka,
kila mmoja katika nchi yake,
hadi mtoto akaanza kulia, na kilio chake
kikanifikia sikioni tu, hewani hakikuvuka.

Meli ya mizigo ikaingia katikati,
ndefu, haina haraka,
ikaziba kile kimwanga.

Nikangoja ipite.
Kungoja najua.