Kona ya Ndani

Juni, Sae. Spana zimelala nje usiku kucha
na asubuhi zinauma vidole.
Niko chali juu ya gunia,
giaboksi ngeni inaning'inia usoni pangu,
imeshikwa na jeki moja na gogo la mlingoti.

Injini ya dizeli, ya basi dogo lililokufa mapema,
imekaa kifuani mwa pikapu hii ya mwaka themanini na tatu
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.
Lakini mkia wa giaboksi umezidi kwa sentimita tisa:
pale ambapo mkono wa zamani ungeushika
pana hewa tu.

Hewa hiyo ndiyo niliyotakiwa kuichora.

Mzee Ngailo, aliyenifundisha kazi, angecheka.
"Jicho ndiyo rula," husema,
na rula yake haijawahi kukosea
ila lile lori la mbao la Makambako
lililotetemeka hadi dereva akadhani ana homa.

Mimi nilikata boksi la sabuni.
Nikalisukuma juu, nikalitoboa kwa penseli
mahali bolti nne zinapoomba kupita,
nikalishusha, nikalipunguza sikio, nikalipandisha tena.
Mara ya saba kadibodi ikatulia,
mkia ukabaki umeinama digrii tatu,
adabu ya kutosha ili propela isinung'unike.

Alumini nilinunua kwa kilo, Soweto,
bamba nene kama kidole gumba,
sakafu ya kitu ambacho muuzaji hakukikumbuka.
Bi Atuganile, mwenye pikapu na mwenye viazi vya Isyonje,
akaligonga kwa funguo zake.
"Laki na nusu? Kwa sufuria?"
"Sufuria hii," nikamwambia, "itapikwa na barabara."
Hakucheka. Alilipa nusu.

Sikumwambia habari za mkono wa kwanza.

Ule niliukata kona ya ndani kali,
nikajisifu: tazama, mraba kama wa kitabuni.
Siku ya nne ya majaribio, tukipanda kutoka Igawilo,
tukasikia *ko*.
Si kelele. *Ko*, kama mtu mpole anayebisha hodi.
Chuma kikichoka hujipinda, hukuonyesha uso.
Alumini hukaa kimya na machungu yake,
huyahesabu, mtikisiko kwa mtikisiko,
na siku idadi ikitimia
hukatika palepale ulipoinyima nafasi ya kugeuka.

Wahenga walituachia ufa na ukuta;
hawakuwahi kulala chini ya giaboksi.
Huku ufa hauzibwi. Huku unaanza upya,
bamba jipya, msumeno uleule,
na kona unaizungusha kwa tupa ya duara
mpaka ukucha ukipita usikwame popote.
Usiku mzima, mimi na ukucha wangu.
Vumbi la fedha ndani ya chai.
Raba nikaikata kwenye tairi la trekta, nikaiweka katikati,
ili injini ihamaki bila kumpiga jirani.

Bolti ya nne iliingia bila nyundo.
Nilikaa pale chini nikiitazama,
sina wa kumwita.

Boksi la sabuni nililitundika msumarini,
vipimo vyote vimeandikwa pembeni.
Julai, kwenye ukungu ulioficha hata Loleza,
Gwamaka aliliwashia mkaa.
Nilifungua mdomo nimfokee.
Kisha nikanyoosha mikono, nikaota moto.

Agosti Bi Atuganile alirudi na debe la viazi.
Hakuutaja mkono. Alisema klachi nzito,
redio haikamati, na mlango wa kushoto
unafunguka wenyewe mbele ya watu.
Nilipomaliza klachi nikabaki chini na tochi.
Tope jeusi la Isyonje lilikuwa limekaukia pale;
nikalifuta kwa gumba,
nikapitisha ukucha kwenye kona.

Nikaupitisha tena.

"Fundi," akaita, "umelala huko?"