Maelezo Yangu Kuhusu Laki na Themanini

Mmeniandikia nijieleze ndani ya siku tatu
kwa nini Ijumaa ile, tawi la Tandahimba, dirisha la pili,
nilirudisha fedha ya mteja
mtandao ukiwepo, mashine ikiwa nzima,
na mimi mwenyewe sikuwa mgonjwa.

Nilikuwa mzima.

Mteja ni Chipoka Namkaa, wa Mahuta.
Ninyi mnamjua kwa tarakimu nne za mwisho za simu.
Mimi namjua kwa salfa:
inamwingia mikunjo ya shingo mwezi wa saba
na haitoki hata kwa sabuni ya magadi.
Noti zake zilikuwa na unga wa njano.
Misimu miwili nilizipokea. Na hilo liandikeni.
Nilimkatia mikeka, nikamwazima kalamu,
ukichanika namwambia pole, kesho ipo,
na kamisheni yake nikanunulia cherehani.

Huku kwetu mkeka ni wa ukindu.
Mtu anausuka, mtu anaulalia.
Wa kwenu ukichanika Chipoka alikuwa anacheka,
"Leo nalala chini."
Nilidhani ni utani, kumbe
kitanda kilishauzwa.

Mwezi wa tisa, korosho bado mbichi mtini,
alikuja bila kubeti.
Akasimama pembeni mpaka watu wakapungua.
"Dada Asumini, mnada ukilipa nitakuja.
Nikija, nikatae.
Hata nikitukana. Hata nikilia."

Nikamwambia kuna fomu.
Ipo, mmeichapa wenyewe,
inakaa chini ya droo, chini ya fulana za zawadi.
Bango lake mmelibandika nyuma ya mlango;
mlango ukiwa wazi, bango linautazama ukuta,
na mlango wetu haufungwi kabla ya saa nne usiku.

Aliandika polepole, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la pili.
Penye "sababu" akaandika: bati.
Nikaituma. Nikaituma tena.
Nikaipiga picha, nikaituma mara ya tatu.
Kimya.

Lakini kompyuta yenu si kiziwi.
Siku ya tisa bila mkeka, simu yake ikalia:
*Chipoka, tumekumisi! Elfu tano ya bure inakusubiri.*
Alikuja kunionyesha. Hakuwa na hasira.
Aliuliza tu, "Hawa ndio wale uliowapelekea karatasi?"
Nikajifanya nahesabu chenji.

Basi Ijumaa chama cha msingi kikalipa.
Akaja na shati jipya, mikunjo ya dukani bado mgongoni,
akapitisha laki na themanini kwenye upenyo.
Nikazisukuma. Akazisukuma.
Zikaenda zikarudi mara nne,
kama watu wanaokirimiana mnofu wa mwisho.
Akanitukana. Akamtukana mama yangu.
Foleni ikacheka; mmoja akasema, si fedha yake?
Ni yake, kweli.
Na fomu nayo ilikuwa yake.

Mtasema: alivuka barabara.
Ndiyo, alivuka. Kuna dirisha lenu jingine pale,
rangi ile ile, tabasamu lile lile la mchezaji ukutani,
na kijana Mnali hakuwa na habari
kwa sababu hamkumpa.
Kufika saa kumi na mbili fedha yote ilikuwa kwenu.
Kwa hiyo kampuni haikupata hasara,
mnaweza kuifuta sentensi hiyo katika barua yenu.

Jumatatu alipita mkewe, Somoe, na debe la mahindi kichwani,
anaelekea mashineni.
Hakugeuka. Sijui kama anajua ni dirisha lipi.
Sikumwita. Ningemwita nimwambie nini,
kwamba mimi nilikuwa upande wake
kwa muda wa dakika sita?

Sina zaidi.
Nimeambatanisha fomu, nakala ya nne.
Neno "bati" limefifia kidogo,
mtalisoma mkilisogeza dirishani.
Kalamu ilikuwa yetu, zile za bure.