Yaliyobaki Nje ya Muhtasari

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.
Ajenda namba tatu: kubadili matumizi ya bonde,
ekari kumi na nane nyuma ya Mikanjuni,
kutoka eneo la wazi kuwa makazi.
*Wajumbe walijadili kwa kina.*
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na robo.
Hivyo ndivyo ilivyo kwenye faili, mhuri juu yake.

Sikuandika kwamba ramani ilibandikwa ubaoni
darasa la nne, juu ya tebo ya saba,
na kila upepo ulipopenya matofali ya matundu
kona moja ilinyanyuka, tukaona
saba mara nane, hamsini na sita,
chini ya viwanja.

Afisa mipango miji alikuwa kijana mpole,
shati limenyooka, viatu vina vumbi letu.
"Hapa palikuwa kijani," akasema. "Sasa patakuwa njano."
Semkiwa akasimama: "Na ng'ombe wangu, watakula njano?"
Watu wakacheka.
Yeye hakucheka.
Kila alfajiri hupanda kutoka bondeni na mzigo wa majani
mpana kuliko mlango wake, baiskeli haionekani,
utadhani kichaka kimeamua kuhama.
Lita kumi na nne hukamuliwa kutoka kwenye rangi ile.

Mwanamkasi hakuwa na swali.
Alikuwa na ukuta.
"Njoo kwangu uone mistari ya mkaa,
masika kwa masika nimechora maji yalipofika.
Mwaka ule wa mwisho yaligusa swichi ya taa.
Bonde likimeza, sisi tunalala.
Mkilijaza zege, maji yakalale wapi?
Kitandani kwangu?"
Kijana akajibu kuwa mtaro umo kwenye mpango.
"Awamu ya ngapi?"
"Ya pili, mama."
Na sauti kutoka madawati ya nyuma:
"Awamu ya kwanza niliahidiwa nikiwa na mimba.
Mimba ile leo inanyoa ndevu."

Hapo ndipo Mwinjuma wa mashine ya kusaga
alipoinuka, unga ungali kwenye kope.
"Mikanju iko wapi, enyi watu wa Mikanjuni?
Nionyesheni mkanju mmoja!
Tuliikata tukajenga, na hakuna aliyeitisha kikao.
Mwanangu yuko Makorora, watu sita chumba kimoja,
choo kwa foleni kama mgawo wa sukari.
Mnalilia nyasi. Yeye akaishi juu ya nini?"

Hakuna aliyemjibu.
Kalamu yangu ilisimama.

Maana ndani ya mkoba wangu, kati ya leso na funguo,
ilikuwemo stakabadhi ya Saumu, binti yangu,
ada ya maombi ya kiwanja, imelipwa.
Nyuma yake mtu ameandika namba kwa penseli, kidogo,
kama mtu anayenong'ona.
Na tarehe, niliisoma tena gizani mwa mkoba,
ilitangulia kikao kwa wiki mbili.

Nikainua macho, yakaangukia meza ya mbele.
Kijana alikuwa anakunja miwani yake
taratibu, kama mtu aliyemaliza.
Mwenyekiti akauliza wanaoafiki.
Mikono ilipanda, mingine nusu, mingine ilikuwa inajikuna.
Nikaandika: *wengi*.

Asubuhi nilipita bondeni kwa mguu.
Bikoni ya saruji ilikwisha kusimama, mbichi bado,
na mundu wa Semkiwa ulikuwa umeizunguka
kwa adabu, majani machache yameachwa shinani
kama nywele nyuma ya sikio la mtoto.

Jioni akaja mlangoni na kidumu.
Akanimiminia nusu lita
na ile nyongeza yake ya siku zote.
Akaniuliza, akifunga kifuniko,
"Katibu, nililosema uliliandika?"

Nikamwambia nimeliandika.