Herufi Moja

Lund, Januari. Saa moja asubuhi bado ni usiku.
Navua buti zenye theluji, navaa kofia ya karatasi,
nashuka chini waliko panya.

Vizimba viwili, ukoo mmoja:
chakula kile kile, maji yale yale,
sindano ile ile ya kolajeni shinani mwa mkia.
Leo siku ya ishirini na nane.
Namshika wa kwanza. Vidole vyembamba, rangi ya waridi.
Naandika sufuri.
Namshika wa pili. Kifundo kimevimba
kama njegere iliyolala majini.
Naandika kumi na moja.

Tofauti yao ni herufi.
Katika maandishi marefu kuliko maktaba ya mji huu
mnakili aliteleza mara moja:
penye *linda* akaandika *pinda*,
na askari wa damu, watiifu kwa maandishi,
wakaanza kuupinda mfupa waliopewa waulinde.

Tulidhani ni moto,
kwamba chembe nyeupe zikitema cheche kupita kiasi
ndipo kiungo huungua.
Kumbe huyu wa pili cheche zake ni haba.
Aliyepungukiwa moto ndiye anayeungua.
Ragnvi alirudia jaribio mara tatu, amenuna,
halafu nikamsikia akicheka peke yake kwenye ngazi.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Nguo huvuliwa.

Mama aliilaumu baridi:
Oktoba, mashamba ya viazisukari, mikono mitupu.
Bibi naye aliilaumu baridi.
Lakini Botilda, dadaye Bibi,
aliyeng'oa naye tuta kwa tuta,
alikufa ana miaka tisini na mmoja
akitunga uzi kwenye sindano bila kuapa.
Baridi ilikuwa ile ile.

Sijapima damu yangu.
Vifungo vya koti navifunga upesi upesi
kama mtu asiyejichunguza.

Kanuni yasema: alama zikifika kumi
chakula kishushwe, kiwekwe sakafuni,
chupa iwe na mdomo mrefu,
asilazimike kusimama.
Nashusha.
Anakuja, anakanyaga kwa ukingo wa wayo,
anakula.

Jumapili, jikoni kwa Mama,
nilihamisha vikombe vyote
kutoka rafu ya juu hadi ya chini.
Akauliza nani kanifundisha.
Nikasema, kazini.