Barafu ya Malabon

Riwaya ilikuwa na kurasa mia sita na kumi.
Ofisi ya New York ilitaka arobaini na nane za katuni,
na ya mwisho iachiwe tangazo la baiskeli.

Pura Magsino, chumba cha juu, mtaa wa Sampaloc, Manila,
feni inapapasa karatasi, kalamu inakunywa wino,
hajawahi kuona theluji.
Manahodha anawajua: ni wajomba zake, ndevu za kubandika.
Dhoruba anaijua: kila Oktoba huja kuezua mabati.
Lakini meli iliyobanwa na barafu miezi tisa,
mbavu zake zikilia usiku?

Basi alfajiri akaenda soko la samaki, Malabon,
akachuchumaa mbele ya vitalu vya barafu.
"Dada, unanunua au umekuja matangani?"
Akachora ufa. Akachora viputo vilivyogandia ndani.
Akachora jasho, maana barafu ya Malabon hutoka jasho,
na mkia wa samaki aliyenaswa;
akaufuta,
halafu akaurudisha.

Kisha shoka.
Mahubiri ya sura ya tatu: kata.
Namna ya kuchuna sili, kurasa ishirini na mbili: kata, kata.
Harusi ya mwisho akaipa viboksi viwili, busu halikuenea.
Mpishi wa meli, humo kitabuni, ana sentensi moja:
*Mpishi alikufa Februari.*
Pura akaweka kalamu chini.
Mtu kalisha vinywa thelathini,
anazikwa kwa maneno matatu?

Ukurasa wa thelathini na mbili, pembeni, pasipo neno,
kiboksi kidogo kama stempu:
mpishi juu ya pipa, anatia kiraka soksi
ndogo mno kwa mguu wowote melini.

Duluth, Minnesota. Toivo Harju, miaka kumi,
tochi chini ya blanketi, senti ishirini na tano zimeshatumika.
Barafu yeye anaijua; ziwa lao hubeba malori.
Aliona mara moja kwamba hii inatoka jasho.
Akacheka. Akafunua ukurasa.
Kwenye soksi akakaa mpaka betri ikafifia.

Ana mvi sasa. Maktaba ya mji, riwaya yenyewe, nene kama tofali.
Amevumilia mahubiri, amechuna sili wote,
anatafuta soksi.
Analamba kidole, anarudi nyuma.
*Mpishi alikufa Februari.*
Anakwenda kumshitakia mkutubi:
humu kuna kurasa zimenyofolewa.

Mkutubi anazihesabu mbele yake, moja moja.
Zimetimia.