Pengo

Harthwick, kaskazini ya Uingereza, mgodi umekuwa malisho,
lakini bamba la shaba bado lipo ukutani mwa kanisa,
limeliwa na moshi, limeliwa na mvua,
na kamati inataka lichongwe upya.

Kumi na wawili walishuka zamu ya usiku.
Wote walifia chini, *save*... na hapo shaba imefutika.

Ebba Charlton huchonga herufi, hachongi hoja.
Ameuliza tu: hapo niweke *he*, au *him*?

Bi Winifred Tulip, miaka thelathini na minane ya sarufi,
akavua miwani, akaivaa tena:
"Hicho ni kihusishi. Kihusishi kina mkono,
hukishika kinachofuata.
Na aliyeshikwa hawi mtenda."
Basi, *him*. Chai ikamiminwa. Likaisha.

Halikuisha.
Karibu na hita, kofia gotini,
alikuwa amekaa *him* mwenyewe, Ridley Thirlwell.

"Neno hilo hilo," akasema, "siku nyingine maana yake ni kuokoa.
Nani aliniokoa?
Jino liliniuma. Msimamizi akachoka na kilio changu,
akanirudisha juu.
Miaka sitini na miwili nasoma hapo kwamba niliokolewa,
kumbe nilitolewa,
kama jiwe kwenye dengu."

Kijiko kikagonga kisahani. Hakuna aliyemtazama.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi, napaka rangi dirisha,
brashi inadondoka.
Kwetu tungesema: wote, ila mmoja.
Na ila, Mungu wangu, ni dosari pia:
ufa wa kikombe, doa la kanzu,
kile anachokitafuta mnunuzi anayetaka kupunguziwa bei.
Lugha mbili zimemkamata mtu mmoja,
hii kwa mkono wa kuopoa,
yangu kwa kidole.
Sikusema kitu. Nilifuta rangi sakafuni.

"Nichonge nini, basi?" Ebba akauliza.

"Majina kumi na moja. Kisha acha nafasi."

"Nafasi si kihusishi," alisema Bi Tulip,
ila sauti yake haikuwa ya darasani.

Ebba akapima shaba kwa dole gumba.
Mtoto wa mfagizi, aliyesahauliwa mlangoni,
akauliza: jino gani?

Ridley akafungua kinywa, taratibu,
akageukia mwanga
ili tuone.