Nilisema Jino

Kadi ya bima ina miaka mitatu pochini,
picha yangu ndani yake imechangamka kuliko mimi.
Imetibu malaria, imenipa miwani,
imelipia kisu kilichomtoa Tunu tumboni.
Na kijitabu chake, kile nilichokisukumia
chini ya mguu wa meza ya jikoni ili isicheze,
kumbe kina ukurasa wa kumi na tisa.
Nani husoma kijitabu cha bima?

Kazi yangu ni sikio.
Mikocheni, ghorofa ya tatu, baridi ya kugandishia samaki,
simu mia na kumi kwa zamu.
Salio limeliwa. Pesa imekwenda namba siyo.
Mwanamume wa Mbagala ananitukania mama,
nami: Pole kwa usumbufu, ndugu mteja.
"Tabasamu," anasema Lwitiko, msimamizi wetu, akipita nyuma ya viti,
"tabasamu husikika."
Basi nautabasamia ukuta.
Meno thelathini na mawili, yote yako zamu.

Usiku, saa nane, naamka
moyo unakimbia kama umeona moto.
Hakuna moto. Kuna feni. Kuna mbwa wa jirani hapa Tabata.
Kuna Tunu, kisigino chake mbavuni mwangu.

Nikaanza kulia chooni kazini, dakika saba,
maana mapumziko ni kumi na kunawa uso ni tatu.
Mama Lyatuu wa utumishi alinikuta.
Hakuuliza. Alisema tu, akijikung'uta maji mikononi:
"Ukurasa wa kumi na tisa, Somoe. Vikao sita kwa mwaka.
Na jina lako haliletwi kwangu."

Upanga. Sakafu inayong'aa, foleni inanipumulia shingoni,
na kijana wa mapokezi ana sauti ya kuadhinia:
"Dada, unaumwa nini?"
Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani.
Nikageuka: mzee na fimbo yake,
mwanamke aliyefanana na wifi yangu.
Nikasema: Jino.

Nikapelekwa kwenye jino.
Daktari Shekilindi aliniwashia taa usoni, akagonga, akachungulia,
akanyamaza kama fundi aliyeona ufa kwenye nyumba ya watu.
"Jino zima. Ila limelika. Yote yamelika.
Unasaga usiku. Unasaga nini?"
Mdomo wazi, kioo ulimini, ningejibuje?
Machozi yalijibu, yakateremka hadi masikioni.
Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema;
mimi niliumbuliwa na magego.
Aliandika karatasi, akaikunja mara mbili.
"Juu. Mlango usio na kibao."

Nyuma ya mlango usio na kibao yuko Bi. Kokugonza,
viti viwili, dirisha linalotazama matangi ya maji.
Nikasubiri aseme pole.
Neno hilo nalijua bei, ndilo ninalouza.
Hakulisema. Alizima simu yake, akaitia kwenye droo,
akanyamaza,
na kimya chake hakikuwa na muziki wa kusubirisha.

Nilianza na yule wa Mbagala.
Kumbe hakuwa yeye.
Ilikuwa Machi, niko kwenye zamu, kaka alipiga simu:
baba amefariki.
Nami, kwa sauti ileile, nikitabasamu, nikamwambia
Pole kwa usumbufu.
Nikamwuliza kama kuna jambo jingine la kumsaidia.

Sijapona. Vimebaki vikao vinne,
navihesabu kama dakika za kifurushi kinachoelekea usiku wa manane.
Jana niliamka saa nane vilevile,
moyo ukakimbia, nikauacha ukimbie,
nikasikiliza feni.

Kijitabu nimekitoa, kiko juu ya kabati.
Meza inacheza. Chai imemwagika mara mbili leo.
Tunu ananitazama, anauliza mbona sicheki.
Namwambia meno yako likizo.